Skrini Nyeusi ya Sista wa Eksirei

Sijawahi kumsikia mtawa mwingine akisonya. Wengine wakikereka hunyamaza, au hushika rozari, au hukutabasamia kwa namna inayokufanya ujisikie vibaya mpaka jioni. Yeye alisonya. Ulikuwa msonyo mrefu, mkavu, na wagonjwa waliokaa kwenye benchi la nje waliusikia kupitia ule mlango mzito wa chumba cha picha, wakaangaliana.

Tulimwita Sista wa Eksirei. Kituo chake cha afya kilikuwa cha misheni, ufukweni, pale barabara inapomaliza kuteremka milima ya Umatengo na joto la ziwa linapokupiga usoni. Mimi natengeneza kompyuta Mbinga mjini, karibu na stendi, kwenye chumba ambacho marehemu baba alikuwa akiuzia vitenge. Kwa miaka mingi niliteremka kwake kila mashine zilipokorofisha, na kila nilipofika nilikuta kuna kitu kimemtia kinyaa.

Siku nyingine ilikuwa usipa. Watu walipenda kuanika dagaa wale kwenye ukuta wa wodi ya wazazi kwa sababu unapata jua la asubuhi, na yeye alikuwa akitoka na ufagio, hasemi neno, anawasomba wote mpaka kwenye mchanga. Siku nyingine ilikuwa daktari wa kituo, kijana mpole, aliyezoea kuweka kikombe cha chai juu ya kompyuta. "Daktari," alimwambia mbele yangu, "wewe ukiwa mgonjwa nikuwekee chai kifuani?" Daktari akacheka. Sista hakucheka. Kikombe kiliondoka na hakikurudi tena.

Neno lake kubwa lilikuwa "chafu". Hakulitumia kwa vumbi wala matope. Hayo aliyaita kazi. Chafu ilikuwa ni nia ya mtu.

Nilielewa tofauti hiyo siku ilipofika shehena ya msaada. Parokia fulani ya ng'ambo ilikuwa imeleta kompyuta, na lori likashusha maboksi mbele ya kituo huku wanakwaya wakiimba. Tulifungua boksi la kwanza. Kibodi zilikuwa na nywele na makombo ya mikate ya watu tusiowajua. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka kabla hakijafungwa, maana karatasi ya kukifungia ilikuwa nzima. Chini kabisa kulikuwa na mashine moja yenye bazoka iliyotafunwa, imebandikwa ubavuni, imekauka.

"Rudisha," Sista akamwambia dereva.

"Sista, nirudishe wapi? Vimevuka bahari hivi."

"Kwa hiyo jalala lao ndilo lililovuka bahari."

Mama Mkuu alitaka picha ya shukrani, masista wote wamesimama nyuma ya maboksi. Sista wa Eksirei alikataa kusimama. Katika picha ile, ambayo mpaka leo inaning'inia ofisini, kuna nafasi katikati ya masista wawili, kama pengo la jino, na ni yeye.

Siku ya kwanza kabisa tuliyokutana aliniuliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza Mbinga. Kompyuta ya picha ilikuwa imejaa virusi. Mafaili ya wagonjwa yalikuwa yamejificha yote, yamebaki majina matupu. Niliangalia nikaona Windows iliyomo ni ile inayozunguka mitaani kwenye flashi, ya bure kwa sababu mtu ameivunja kufuli.

"Hii ilinunuliwa?" aliuliza.

"Hapana, Sista. Hizi tunawekeana tu."

"Yaani ni ya wizi."

Nilimweleza kwamba kila ofisi ya mji wetu inatumia hivyo hivyo, na kwamba ya halali ni ghali. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, halafu akasema, "Binti, mimi hapa naangalia ndani ya miili ya watu. Wananivulia nguo. Sitaki kitu cha wizi kwenye chumba hiki." Basi badala ya Windows nikamwekea Linux, mfumo wa kompyuta ambao ni halali na haudai leseni, pamoja na programu ya bure ya kusomea picha za eksirei. Alijifunza kuitumia kwa hasira, kama alivyojifunza kila kitu, akiandika amri kwa vidole viwili. Baada ya muda alikuwa akinipigia simu kunisahihisha.

Mimi ni Mwislamu, navaa hijabu, na tukikaa wawili mbele ya mashine wagonjwa walidhani mimi ni mtawa wa shirika jingine. Bibi mmoja aliniomba nimbariki mjukuu wake. Nilimgeukia Sista kwa fadhaa. Yeye macho yalikuwa kwenye skrini. "Mbariki tu," alisema. "Unafikiri itamdhuru?" Nikamwombea mtoto dua yangu ya kawaida, bibi akaitikia amina, tukaendelea na kazi.

Na huyo huyo aliyesonya watu, siku nilizoteremka alimtuma mtu apeleke kuku kwa muuza duka wa pale kijijini, mzee Mwislamu, akachinje, ndipo nipikiwe. Hakuwahi kunitajia. Mzee wa duka ndiye aliyeniambia, tena kwa kulalamika, kwamba Sista humletea kuku wabishi.

Kuhusu wizi pia hakuwa amenyooka kama alivyodhani. Betri ya gari la Padre ilikuwa ikihamia chumba cha eksirei kila umeme ulipokatika. Padre anatoka kwenda kusalisha misa, anakuta gari halina roho. Nilimuuliza Sista kama hilo silo lile lile. Alifikiri kidogo. "Padre anaazima," alisema, "ila hajui." Padre naye alizoea, alikuwa akija mwenyewe na spana.

Sasa niseme habari ya kadi, maana ndiyo iliyomtoa kule.

Picha ya eksirei ni kijivu na kijivu na kijivu. Ufa mwembamba wa mfupa unaweza kuwa tofauti ya kijivu kimoja na jirani yake, na skrini za kawaida zinavichanganya. Kwa hiyo kituo kilijikaza kikanunua skrini maalumu ya kitabibu, ndefu, imesimama wima, na ili ifanye kazi kwa ukamilifu ilihitaji kadi ya picha yenye nguvu. Kadi hiyo ni kipande kinachokaa ndani ya kompyuta na kuchora kila unachokiona. Yenyewe haijui kitu mpaka iwe na draiva, programu inayotoka kwa kampuni iliyoitengeneza kadi, inayoiunganisha na mfumo wa kompyuta. Jamaa mwenye tai, msambazaji kutoka Dar, alikuja na kijitabu kilichoandikwa wazi kuwa kadi inakubali Linux. Sista alimsomesha mstari ule kwa sauti.

"Na itaendelea kukubali?"

"Sista, hii ni kampuni kubwa duniani."

"Sijauliza ukubwa."

"Itaendelea," alisema jamaa, na akanywa soda yake yote.

Ikakubali. Kwa muda mrefu ikakubali vizuri mno. Nilimwona Sista akiwaita wauguzi waje kutazama mkono wa mtoto, vifupa vile vidogo vya kiganja, vimekaa kama mbegu. Alikuwa akisema "tazama, tazama", na hakuna aliyethubutu kuondoka.

Halafu hospitali kubwa ya Songea, wanakotumiwa picha zenye utata, ikabadilisha mfumo wake wa kupokea. Programu yetu ilihitaji toleo jipya, nalo toleo jipya likahitaji Linux mpya. Niliteremka, nikasasisha, nikazima, nikawasha. Skrini ndefu ikawa nyeusi. Nikajaribu kila ninachokijua. Nyeusi. Nilipotafuta sababu niliikuta imeandikwa kwa ufupi kwenye ukurasa wa kampuni: kadi za aina ile hazitatengenezewa tena draiva ya Linux. Ile ya zamani haikuweza kushikana na Linux mpya. Na kwa kuwa kampuni haikuwahi kuonyesha ndani ya draiva yake mlivyo, hakuna fundi mwingine duniani aliyeweza kuirekebisha.

Kuna draiva nyingine, ya watu wanaojitolea, wanaokisia kadi inavyofanya kazi kwa kuichungulia kutoka nje. Nikaiweka hiyo. Skrini ikawaka, lakini kwa unyonge: picha zilivutika polepole, na vile vijivu vikabanana, mbavu zikaonekana kama zimepakwa unga. Sista alisogeza uso akatazama. Akarudi nyuma.

"Hii ni picha au uji?"

Tuliiandikia kampuni. Yeye alisema kwa Kiswahili, mimi nikaweka kwa Kiingereza, na kila nilipolainisha neno aliuliza mbona sentensi imekuwa fupi. Jibu lilikuja la heshima, lenye pole nyingi. Kadi yetu haiungwi mkono tena kwenye Linux. Kwa watumiaji wa Windows, waliongeza, draiva inapatikana kama kawaida.

Nilimtafsiria. Akaniomba nirudie mwisho.

"Kadi hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo, Sista."

"Kumbe haijafa." Aliuweka mkono juu ya kompyuta, ubavuni, pale kadi ilipo. "Wameiacha kwetu tu. Kitu kikiharibika nitakilaumu kitu. Hiki kimetelekezwa. Hapo kuna mtu amekaa mezani akaamua." Akasonya, na mara hii hata mimi niliyemzoea nilishtuka. "Chafu," alisema.

Niliuliza pia kwenye jukwaa la mtandaoni ambako watumiaji wa Linux husaidiana. Nilieleza sisi ni kituo cha afya, kadi ni ipi, skrini ni ipi. Mmoja alinijibu nisome maelekezo kwanza. Mwingine aliandika tununue kadi mpya, bei zimeshuka, na akaweka katuni inayocheka. Sista alitaka kuiona katuni.

"Huyu anaishi wapi?"

"Haijaandikwa."

"Mwandikie kwamba Sista wa Mungu amemsoma." Nikaandika. Hakujibu.

Mtu wa tatu alikuwa mmoja wa wale wanaojitolea. Alisema anasikitika, anaifahamu kadi ile, kampuni haiwapi maelezo ya jinsi inavyofanya kazi, na kwamba yeye hufanya hii kazi siku za mapumziko tu. Alituomba tumtumie taarifa za mashine yetu zimsaidie kukisia. Nilimtumia kila alichotaka. Sista alisema huyo ndiye mtu pekee katika habari yote aliyeongea kama ameogeshwa.

Ningeweza kuondoa aibu ile kwa dakika chache, na nilimwambia. Nilikuwa nimeshaipakua draiva ya Windows, ninayo kwenye mkoba, na Windows ya kuvunja kufuli ninayo pia. Alinitazama kama nimeanika usipa ukutani.

Hivyo tukaishi na uji. Picha zenye mashaka zilitumwa Songea, na mtandao ukiwepo majibu yalirudi. Daktari alizoea. Sista hakuzoea. Alikuwa akisoma kila picha na uso umekunjamana, kama mtu anayekula chakula alichokiona kikipikwa.

Kijana aliyebadilisha mambo aliingia kwa miguu yake. Alikuwa utingo wa lori la makaa ya mawe, lililotoka mgodi wa Ngaka kuteremka ziwani, akaanguka kutoka juu ya mzigo walipokuwa wakifunga turubai. Mama yake, aliyekuwa safarini naye kwenda kuwaona ndugu, alimshika mkono. Kijana alikuwa mweusi kwa vumbi la makaa, anatabasamu, shingo ameielekeza upande mmoja.

"Shikamoo, Sista. Inauma kidogo tu. Bosi anasubiri."

"Marahaba. Usiitikise hiyo shingo. Nimesema usiitikise."

Akampiga picha. Mimi nilikuwepo, nimekuja kujaribu toleo jipya la draiva ya wale wa kujitolea, halikusaidia. Daktari aliitwa. Walisimama wote wawili mbele ya skrini muda mrefu.

"Sioni kitu," alisema daktari. "Nadhani ni msuli."

"Na mimi sioni kitu," alisema Sista. "Ndiyo tatizo. Hapa sioni hata kile ambacho najua kipo."

Tulitaka kutuma Songea. Mnara wa simu ulikuwa umeharibika tangu asubuhi. Hakuna mtandao, hakuna hata simu. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mzazi na lingerudi jioni. Nje dereva wa lori alikuwa anapiga honi. Kijana alianza kuinuka. Mama yake akasema, kwa unyenyekevu kabisa, kwamba kama daktari hajaona kitu basi wapewe dawa ya maumivu, maana mwanaye akiachwa na lori kazi itakuwa imekwisha.

"Daktari," Sista akamuuliza, "akipanda lile lori na shingo ina ufa?"

Daktari alimlaza kijana tena, taratibu, akaomba khanga za mama yake akazikunja akazipanga pande zote mbili za kichwa. Nilimheshimu sana kwa hilo. Alikuwa ameshasema hakuna kitu, na kujirudi mbele ya watu si rahisi.

Sista alinigeukia. Uso ulikuwa umemparama.

"Weka," alisema.

"Niweke nini, Sista?"

"Unajua."

Nilijua, lakini sikutaka ionekane baadaye kwamba nilimsikia vibaya. Nikasubiri alitamke.

"Ile ya wizi," alisema, kwa sauti ambayo hata aliyekuwa nje aliisikia. "Iweke."

Nilifungua kompyuta, nikachomeka diski nyingine ili Linux isiguswe, nikaanza. Inachukua muda, na muda wote ule alisimama nyuma yangu bila kukaa. Dereva wa lori aliingia kugomba, akamwona Sista, akatoka. Honi zikakoma, lori likaondoka bila utingo wake, na mama yake akalisikiliza mpaka mlio ulipopotea kando ya ziwa. Hakulia. Aliuliza tu kama wanaweza kupata maji.

Nilipoweka draiva ya kampuni, skrini ilizimika kidogo kisha ikafunguka yote, pana, safi, kama dirisha lililofutwa. Nikaifungua picha ya shingo. Kila mfupa ulikuwa na ukingo wake.

Daktari ndiye aliyeuona ufa kwanza. Alinyoosha kidole. Mstari mwembamba, wa mshazari, kwenye mfupa wa shingo wa juu. Sasa sote tuliuona, na ukishauona huwezi tena kuutazama pale usiuone.

"Asiinuke," alisema daktari. "Mama, njoo nikueleze."

Gari la wagonjwa liliporudi walimpeleka Songea, kichwa kimefungwa hakitikisiki. Alikaa huko kwa muda na chuma kimezunguka kichwa chake. Alipona. Hakurudi kwenye malori. Sasa anauza vocha na maji ya chupa njia panda, na akiniona hunipa maji ananikatalia hela.

Siku ile, walipoondoka, nilitegemea Sista atashukuru Mungu. Labda alifanya hivyo baadaye kanisani. Pale chumbani alikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu mchana, akaitazama ile skrini nzuri.

"Kwa hiyo uwezo ulikuwa humu siku zote," alisema. "Kwenye kadi yetu. Tuliyoinunua."

"Ndiyo, Sista."

"Walitaka tuwe wezi ndipo watuonyeshe." Alijifuta mikono kwenye aproni, mbele na nyuma, akajifuta tena. "Na unajua kinachonitia kichefuchefu? Nimefurahi. Picha ilipofunguka nilifurahi, mwanangu. Nikawashukuru moyoni kabla sijajizuia."

Nilimuuliza kama niiondoe. Alisema iache, wagonjwa ni wengi. Lakini alinikataza kumwekea programu nyingine yoyote ya namna hiyo, na akaandika kwa kalamu nzito kwenye karatasi akaibandika juu ya skrini: MFUMO HUU SI HALALI. NIMEAGIZA MIMI. Daktari alimsihi aitoe. Aliuliza kama kuna uongo ndani yake.

Karatasi ile ndiyo waliyoikuta wakaguzi wa huduma za afya wa kanisa walipopita. Walikuwa wawili, wenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri. Walisoma, wakatazamana, wakamwita Sista, wakaniita na mimi kama shahidi. Walisema kwa upole kwamba jambo hili linaweza kulitia shirika aibu, kwamba kulikuwa na njia, kwamba angeandika kuomba. Sista akasema aliandika. Wakasema angesubiri. Akawauliza shingo ya mtu inasubirije. Mmoja alikuwa akiandika maelezo yake kwenye kompyuta mpakato, mezani, imeelekea upande wangu. Kwenye pembe ya chini ya skrini yake kulikuwa na yale maandishi hafifu ambayo sisi mafundi tunayafahamu, yanayomkumbusha mwenye mashine kwamba Windows yake haijalipiwa.

Nilimwonyesha Sista kwa macho. Aliyaona. Nilisubiri aseme, nikaona msonyo unapanda mpaka kwenye mashavu. Aliwatazama tu wale mabwana kama mtu anayetazama nzi kwenye maziwa, akaomba ruhusa kwenda kumhudumia mgonjwa. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuwaumbua, alisema, "Ningewaumbua wangenipa haki yangu kwa kuogopa. Nisingeitaka kutoka mikono ile."

Wakamhamisha. Barua ilisema anapumzishwa.

Nilikwenda kumwona juzi juzi, baada ya kimya kirefu, kwenye nyumba ya masista wazee huko milimani, upande wa Namswea, katikati ya kahawa na ukungu. Nilimkuta nyuma ya jiko, amevaa buti za mpira, ananizuia kwa mkono nisisogee.

"Simama hapo hapo, huku kuna nguruwe. Wamenipa nguruwe." Alikuwa amekonda, ameinama kidogo. "Wasafi hawa, kuliko wanavyosemwa. Lakini wewe simama hapo hapo."

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Vizuri."

Aliosha mikono kwa muda mrefu, akanikaribisha chumba cha chakula. Ugali na maharage, na majani ya maboga. Alisali, tukaanza. Nilikuwa na habari na sikuweza kuingoja tena.

Nilimwambia kwamba yule mtu wa jukwaani, yule wa siku za mapumziko, amefaulu. Imemchukua miaka. Draiva yake sasa inaiendesha kadi yetu ile kwa nguvu zake zote, vijivu vyote, kwenye Linux mpya kabisa, bila leseni ya mtu, na ameitoa bure. Nimeijaribu dukani kwa kadi ya aina ile ile. Safi kama siku ya kwanza.

Alitabasamu. Kwa miaka yote ile nilikuwa sijaona meno yake ya chini.

"Mtu mmoja?"

"Na wenzake wachache."

"Hakulipwa?"

"Hakulipwa."

"Mungu amkumbuke mpaka wajukuu." Alichota maharage, akasita na kijiko hewani. "Kwa hiyo umekwenda kuiweka kule chini."

Nilikunywa maji. Nilimwambia kwamba kompyuta ile haipo tena. Alipoondoka tu waliiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, pamoja na kadi ndani yake. Wameletewa nyingine ya kukodi, yenye mkataba wa kulipia kila mwaka, na yule jamaa mwenye tai ndiye aliyeileta. Malipo yakichelewa inajifunga yenyewe.

"Imeshawahi kujifunga?"

"Imejifunga sasa hivi, Sista. Wagonjwa wanapandishwa Songea."

"Na kadi ya picha iliyomo," aliuliza taratibu, "ni ya nani?"

"Ni ya kampuni ile ile."

Alikirudisha kijiko kwenye sahani, akaisukuma sahani mbali naye, akafanya ishara ya msalaba ile ya kumaliza chakula, ingawa alikuwa hajala. Nami nikaacha kula. Ukungu ulikuwa ukipita dirishani alipoiona sahani yangu.

"Wewe kula, mwanangu," alisema. "Maharage hayana kosa."